Tepe Nne za Librada

Jina langu ni Librada na nimelichoka. Silichukii, maana kuchukia kunataka nguvu, na nguvu zangu nimezimalizia kwenye lesi. Nimelichoka tu, kama mtu anavyochoka viatu ambavyo bado havijatoboka.

Siku hizi hapa El Ciruelito ukisema Librada, kila mtu anajua ni mimi. Zamani haikuwa hivyo. Zamani ungesimama mbele ya kanisa ukaita Librada, wangegeuka wanawake wanane na mbuzi mmoja wa Mzee Chebo. Ilibidi tutofautishwe: Librada wa Kisimani, Librada Meno, Librada wa Nguruwe. Mimi nilikuwa Librada wa Lesi, kwa sababu tangu nina miaka tisa nakaa na mto mapajani, navusha vijiti vya uzi kulia na kushoto, natengeneza lesi za magauni ya pollera ambayo watoto wa wenye nazo huvaa wakati wa Kanivali. Sisi kwa sisi tuliitana somo. Shuleni tuliitwa mengine. Libra kwetu ni ratili, basi wavulana walikuwa wakituuliza kila asubuhi, "Librada, leo ratili ngapi?" Librada wa Nguruwe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwajibu kwa ngumi.

Jina ni la mtakatifu wetu. Wanasema alikuwa binti mfalme, baba yake akataka kumwoza kwa nguvu. Akaomba atolewe kwenye ndoa hiyo, na kulipokucha akaamka ana ndevu. Bwana harusi akakimbia, baba akamsulubisha. Maana ya jina ndiyo hiyo: aliyefunguliwa, aliyetolewa salama. Ukiniuliza mimi, mtu aliyesulubishwa na baba yake mzazi sijui alitolewa salama wapi, lakini sijaulizwa.

Sanamu yetu haina ndevu. Ina sketi ya lesi niliyoifuma mimi, na cheni za dhahabu walizoleta wanawake waliojifungua. Kazi yake kubwa hapa ni uzazi. Mwanamke akikwama, mtu wa nyumbani humwekea nadhiri kwa sauti, mbele ya shahidi: ukimtoa, mtoto atabeba jina lako. Mtoto akiwa wa kike, lazima jina liandikwe kwenye kitabu cha kanisa kabla ya sikukuu, tarehe ishirini Julai. Lisipoandikwa, mtakatifu hurudi kuchukua alichotoa. Hiyo ndiyo sheria. Sijapata kusikia mtu aliyeijaribu.

Siku ya sikukuu sanamu hutolewa kwa machela, na kwenye machela kumefungwa tepe nne za hariri. Wanaozishika ni akina Librada peke yao. Nilipokuwa msichana tulikuwa tukigombea zamu, tukasusiana mpaka Krismasi. Mwaka jana tulikuwa wawili, mimi na Librada Meno, kila mmoja na tepe mbili kama mtu anayechunga ng'ombe. Mwezi wa Februari kisukari kikamchukua Librada Meno. Nikabaki mimi, mwenye miaka sabini na mmoja, tepe nne na mikono miwili.

Nayasema haya mapema ili ujue moyo wangu ulikuwa wapi siku ile ya hospitali.

Yorlenis ni mjukuu wangu, nimemlea mimi. Mama yake alikwenda mjini kutafuta maisha, akayapata, na mume mwingine juu yake. Yorlenis ameolewa na Abdiel, fundi wa mafriji, kijana mwema mwenye roho ya kifaranga. Mapema Juni uchungu ulipomshika tukampeleka hospitali, na mpaka saa nne asubuhi mtoto alikuwa ametoka, wa kike, analia vizuri. Kilichogoma ni damu. Ilikataa kukatika. Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, nesi akapita mbio na mifuko miwili ya damu, halafu akapita mwingine, na huyo hakunitazama. Watu wa hospitali wakiacha kukutazama, ujue hali ni mbaya.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, na Abdiel yuko pembeni yangu: "Mtakatifu Librada, somo yangu, mtoe Yorlenis. Mtoto wake atabeba jina lako."

Saa sita wakasema damu imekatika. Nikalia kama mtoto. Abdiel alikuwa amezimia muda mrefu, lakini alizimia baada ya kusikia.

Kosa langu ni hilo. Mtu anayeweka nadhiri huahidi kilicho chake. Mama huahidi jina la mwanawe, kwa sababu mwana ni wake. Mimi niliahidi jina la mtoto wa mtu, na nilijua kabisa kwamba limeshachaguliwa. Abdiel alikuwa amenunua herufi za mbao, akazigonga ukutani juu ya kitanda cha mtoto: Anyelis. Nilizifuta vumbi kwa mikono yangu. Na kuna jambo baya zaidi, nalisema kwa sababu nimechoka kulificha. Nilipokuwa natamka maneno yale, nusu ya moyo wangu ilikuwa inaogopa damu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu tepe.

Siku ya nane Yorlenis aliniita. Alikuwa kwenye kiti cha bembea, mweupe kama unga, mtoto kifuani.

"Bibi, Abdiel ananiambia umeweka nadhiri juu ya mwanangu."

"Nimeweka."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulikuwa unavuja damu, mama. Ningekuletea fomu usaini?"

"Ungeahidi kitu chako. Ungeahidi kuku. Ungeahidi kwenda mpaka kanisa la Las Tablas kwa magoti."

"Kwa magoti haya?"

Akacheka, halafu akakasirika kwamba amecheka.

"Jina ni Anyelis," akasema. "Limeshapita hilo."

"Anyelis ni jina gani? Hilo ni jina la sabuni ya kuogea."

"Na Librada ni dawa ya minyoo. Nimelitafuta kwenye simu, Bibi. Unajua nimepata nini? Matangazo ya vifo. Kurasa na kurasa. Niletee Librada mmoja tu aliye chini ya miaka hamsini, hapo nitakaa nikusikilize."

Abdiel alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. "Lakini, mpenzi, nadhiri imeshasemwa. Mimi mwenyewe nilisikia."

"Wewe ulizimia," Yorlenis akamwambia. "Aliyezimia hana ushahidi."

Nikamwambia ahadi ni deni. Akaniambia basi alipe aliyeahidi. Nikarudi nyumbani kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwao, nimenuna, na kwa wiki tatu tukawa tunasalimiana kama watu wa foleni.

Mvua za Juni zikashika. Majirani walikuwa wanapeleka kwa mzazi mchuzi wa kuku, na kila aliyepeleka aliuliza, "Librada mdogo hajambo?" maana Abdiel hakuweza kuufunga mdomo. Yorlenis akawa anawajibu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo, labda mmekosea nyumba." Wakamwambia usimchezee mtakatifu, binti. Mmoja akamkumbusha kwamba tarehe ishirini haiko mbali. Mtoto akipiga chafya, Abdiel anatazama kalenda. Mtoto akilala sana, anamwamsha aone kama ataamka. Maziwa ya Yorlenis yakaanza kupungua. Niliyajua yote hayo, maana kwetu ukuta ni heshima tu, hauzuii maneno. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasema moyoni: acha wamtie adabu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimtwika yule binti, nami nikaona mwepesi.

Ilipobaki siku tano nikaamua kumaliza ubishi. Alitaka ushahidi kwamba jina letu lilikuwa jina la watu, si la matangazo ya vifo. Nikachukua mwavuli, nikaenda kanisani kwa Mzee Chebo.

Mzee Chebo ndiye mtunza sakristia tangu nina meno yote. Ana miaka themanini na mbili na kioo cha kukuzia maandishi, na vitabu vya ubatizo anavilinda kama kuku anayeatamia. Nikamwambia nataka kujua El Ciruelito imepata kuwa na akina Librada wangapi.

"Unagombea udiwani?"

"Nagombana na mjukuu."

"Bora udiwani," akasema, akafungua kabati.

Tukakaa kwenye benchi. Yeye anasoma, mimi natia mistari kwenye karatasi, maana macho yangu yameishia kwenye uzi mweupe. Tukaanza na kitabu cha zamani kabisa. Walikuwa wengi, wakanifurahisha. Librada binti wa huyu, Librada binti wa yule, mwaka mmoja walikuwa wanne. Mpaka mwaka wa sabini na nne nilikuwa na mistari thelathini na mmoja. Halafu kikafuata kitabu kipya, na Chebo akawa anafungua kurasa moja baada ya nyingine. Akapata mmoja, miaka kadhaa mbele akapata mwingine. Baada ya themanini na moja hakupata tena, na hao wawili nao walishatangulia.

"Watu waliacha dini," nikasema.

"Waliacha wapi? Wanabatiza kila Jumamosi, kelele tupu."

"Sasa nini kilitokea sabini na nne?"

Chebo akaweka kioo chini, akafikiri. "Waliweka lami," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akanionyesha kwa kidevu nje ya dirisha, barabara ya kwenda mjini. Kabla ya lami, wakati wa mvua gari lilikuwa haliingii wala halitoki, na mwanamke aliyekwama na mtoto alikuwa na mkunga, mshumaa na mtakatifu. Baada ya lami akawa na hospitali. Watu waliacha kuweka nadhiri kwa sababu waliacha kuogopa. Mimi nilikuwa nimekaa miaka arobaini nalilia jina kama ng'ombe aliyeibwa, kumbe lilimalizwa na magari ya kubeba wagonjwa.

Nikasema, "Basi soma tena wale wa mwanzo. Nataka majina ya mama zao."

"Ya nini?"

"Soma tu, Chebo."

Akasoma, na safari hii nikasikia neno ambalo mara ya kwanza hakulisoma, kwa kuwa tulikuwa tunahesabu tu. Librada, binti wa Fermín Frías na Dominga Cedeño, marehemu. Librada, binti wa Toribio Espino na Máxima Barrios. Librada, binti wa Isidro Batista na Agripina Moreno, marehemu. Mtoto ana siku sita, mama ni marehemu. Mtoto ana siku kumi na moja, mama ni marehemu. Katika wale thelathini na mmoja, waliokuwa hivyo ni kumi na wawili.

Alipofika mwaka wa hamsini na tatu, kidole chake kikaruka ukurasa.

"Rudisha."

"Umechoka, dada. Na mvua hiyo. Tumalizie kesho."

"Rudisha, Chebo."

Akarudisha. Hakutumia kioo, nadhani alikuwa anaujua kwa moyo. "Librada Samaniego. Amezaliwa tarehe tano Oktoba, amebatizwa tarehe kumi na nne. Binti wa Ezequiel Samaniego na Eudocia Vergara." Akaanza kukifuta kioo chake kwa shati.

"Sema."

"Marehemu," akasema.

Mimi niliambiwa mama yangu alikufa kwa homa nikiwa na miaka mitatu. Bibi yangu aliniambia, na shangazi aliyenilea akaniambia hivyohivyo. Na zaidi ya kuambiwa, nilikuwa namkumbuka. Sura sikuikumbuka, ila mkono: mkono mkavu unaonichana nywele, unaanzia chini ili usiniumize. Mkono ule nimeulilia maisha yangu yote. Siku ya harusi yangu niliulilia. Kumbe siku tisa baada ya kuzaliwa mimi, alikuwa ameshazikwa, na mkono nilioukumbuka ulikuwa wa shangazi, ambaye sikumshukuru hata siku moja, maana nilikuwa nalia kwa ajili ya mwingine.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Wakubwa wote walijua. Sisi watoto hatukujua, na tulipokua, waliojua walikuwa wamekufa. Mimi nimejua kwa sababu nafuta vumbi humu." Akafunga kitabu taratibu. "Pembeni padri aliandika kwamba nadhiri iliwekwa na bibi yako. Aliomba wawili, mama na mtoto."

"Na alipotoka mmoja?"

"Wakalipa vilevile. Ungekuwa wewe, ungethubutu kutolipa, na mtoto bado yuko mkononi?"

Nikamshukuru, nikaenda nyumbani. Niliusahau mwavuli na sikuurudia. Niliingia ndani nimelowa, nikaketi na mto wangu wa lesi, nikavusha vijiti mpaka jioni bila kujua nafuma nini, na kesho yake nikaifumua yote. Sikuwa na hasira. Hasira ingenisaidia. Nilikuwa na uchovu tu, ule unaoanzia kwenye mifupa, kama vile nimembeba mtu tangu mwaka wa hamsini na tatu na leo ndiyo nimeambiwa yuko mgongoni.

Alhamisi mchana Yorlenis akaja mwenyewe. Ubatizo ulikuwa Jumamosi, sikukuu Jumapili. Alikuja na mtoto amemfunika taulo, viatu vimejaa tope, macho yamezama. Hakukaa.

"Umeshinda, Bibi."

"Nimeshinda nini?"

"Jana alipaliwa na maziwa. Akawa wa bluu. Abdiel akapiga magoti jikoni, hana msaada wowote. Nikampigapiga mgongoni, na unajua nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema Librada, Librada, Librada, mpaka akapumua." Akamvuta mtoto kifuani. "Siliamini hilo jambo lako. Lakini siwezi kuishi hivi, kila kikohozi nahesabu siku. Nenda kamwambie padri aandike Librada. Nataka kulala."

Wiki moja kabla ningecheza ngoma. Nilikuwa nimelitaka neno hilo mwezi mzima, na sasa limeletwa mpaka mlangoni kwangu, limelowa, linanuka maziwa.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Haandikwi Librada."

Akanitazama kama anayetaka kunipiga. "Bibi, umenitesa wiki tano. Umenifanya kichekesho cha kijiji. Nimekubali, sasa unakataa?"

"Kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama usikilize."

Nikamweleza. Nilimweleza lami, nikamweleza wale kumi na wawili, nikamweleza Eudocia Vergara. Nilipofika kwa Eudocia akakaa bila kuambiwa.

"Lakini uliniambia alikuwa anakuchana nywele."

"Nilikuwa nakudanganya bila kujua."

Mtoto akaguna usingizini. Sote wawili tukamtazama kifua, kinapanda, kinashuka. Nikaona nilichokifanya: nilimfundisha mama yake kumtazama hivyo.

"Mimi nilidhani jina hili lilikuwa linapendwa," nikamwambia. "Nilidhani watu waliligombea. Mama, kila Librada aliye kwenye kile kitabu, kulikuwa na mwanamke anakufa chumba cha ndani na mtu anapiga kelele ukumbini. Wengine walipona, wengine hawakupona, jina likaandikwa tu. Hakuna aliyelipenda. Waliliogopa, kama wewe jana jikoni. Mtoto wako haandikwi hofu yangu."

"Na nadhiri?"

"Niliitamka mimi. Nitaijibu mimi."

"Utajibu nini?"

"Sijui bado. Kuna kahawa hapo, na tortilla ya mahindi ya asubuhi. Nipe huyo mtoto."

Akanipa. Alikula kipande kimoja, akaegemeza kichwa kwenye mkono juu ya meza, na kabla kahawa haijapoa alikuwa amelala, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala akitoka shule. Nilimshika Anyelis saa mbili nzima. Mkono ukafa ganzi. Wazee walisema majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa anakoroma mbele yangu, wala sikutaka aamke.

Jumamosi, kabla watu hawajaja, nilimwomba Mzee Chebo anifungulie kanisa. Magoti yalikataa, nikakaa benchi la mbele, uso kwa uso na yule binti mfalme na sketi yake ya lesi. Sikuwa na sala. Nilizungumza naye kama tunavyozungumza sisi.

"Somo," nikamwambia, "nilikuahidi kitu cha mtu. Huo ni wizi, na mwizi ni mimi. Leo mtoto anaitwa Anyelis na wewe hupati kitu. Kama ni lazima urudi kuchukua, usiende nyumba ile. Nyumba yangu ni ya tatu, mlango wa kijani, haufungwi kwa kufuli. Nitakuwa nimekaa na mto wangu. Lakini kabla hujaja nikuulize: mwaka wa hamsini na tatu uliombwa wawili. Kwa hiyo kama tunadaiana, tuangalie vizuri nani anamdai nani."

Nilivuta pumzi, nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu Juni sikuwa namwogopa.

Padri akauliza jina. Yorlenis akanitazama, Abdiel akanitazama, na majirani wote wakatazama huku na huku. Nikasema kwa sauti, mbele ya mashahidi, kama nilivyofanya hospitali: "Anyelis." Mtu nyuma yangu akapiga ishara ya msalaba. Maji yakamwagwa, mtoto akalia, ikaisha.

Jumapili ikawa sikukuu. Asubuhi kulikuwa na jua, baadaye wingu. Fataki zikapigwa, ngoma zikaanza, wanaume wanne wakaweka machela mabegani. Mzee Chebo akafungua zile tepe, akasimama nazo mkononi.

"Mmoja huu," akasema, akanipa. "Na hizi tatu nifanyeje? Nizifunge juu?"

"Zifunge."

"Nipe mimi mmoja," ikasema sauti.

Alikuwa Yorlenis, kiatu kimoja kimefunguka kamba, mtoto amemwachia Abdiel, ambaye alikuwa amemshika kama bomu. Mzee Chebo akakunja uso, maana tepe hizo anazilinda kama vile vitabu vyake.

"Binti, hizi ni za akina Librada."

"Najua."

"Wewe si Librada. Hata mwanao si Librada, tumesikia wote jana."

"Mzee Chebo, siku ile mtoto alikuwa ameshatoka, analia zake," Yorlenis akasema. "Aliyekuwa anakufa ni mimi. Nadhiri iliwekwa ili nitoke, na nimetoka. Nipe utepe."

Chebo akanigeukia. Nikafikiri habari ya miaka yote ile tuliyogombania zamu, wanawake wazima, tukasusiana. Tulizishika sisi tuliozaliwa. Hakuna siku mtu aliuliza waliotuzaa wako wapi.

"Mpe," nikasema. "Na huo mwingine nipe mimi."

"Unao wako."

"Huu ni wa Eudocia."

Mzee Chebo hakubisha. Aliuzungusha kwenye kiganja changu cha kushoto mara mbili, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda. Wa nne akauacha uning'inie.

Tukaanza kwenda. Mvua ilitukuta kwenye kona ya shule, hariri ikalowa, ikawa nzito. Yorlenis alikuwa upande wa pili wa machela, anachechemea na kiatu chake, anamfokea Abdiel amfunike mtoto. Mkono wangu wa kushoto uliuma njia nzima, na sikuushusha.